Tisini ya Nne

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimetazama maji ya injini, nimefuta kioo, nimepakia mihogo ya watu na mikungu ya ndizi. Wingwi hadi Konde na kurudi. Kama kila Jumatatu.

Gia namba mbili imekataa tena. Inakwaruza, inapiga kelele, abiria nyuma wanasema Bismillahi kwa pamoja. Aibu tupu. Kilima cha skuli nimekishuka kwa breki peke yake, na breki zikapata moto mpaka zikanuka. Gari isiyoshika mbili kwenye mteremko ule itatuua siku moja.

Shemeji Khatibu alikuwa barazani kwake, akasikia kelele zote. Jioni amekuja. Hata kukaa hakukaa. "Shemeji, gari hii ishakwisha. Tuiuze vyuma kabla haijakuua." Mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja kutoka Wete Alhamisi ya wiki ijayo. Gari ni mirathi ya marehemu mume wangu, Omari, na ndugu yake ana fungu lake. Siwezi kukataa kwa mdomo tu.

Mwanangu Rukia amepiga simu kutoka Mtambile. Keshanifagilia chumba. Anasema mama utapumzika. Nipumzike na nini? Bila ya gari nitakuwa bibi wa kulinda wajukuu na kuanika karafuu za mkwe wangu. Sitaki. Naandika tena: sitaki.

Jumanne, 6 Mei

Fundi Shaame ameingia chini ya gari na maneno mengi, ametoka na machache. Ndani ya giaboksi mna pete za shaba. Ndizo zinazosawazisha mwendo ili gia iingie bila ya kukwaruza. Anasema zimekwisha. Kisiwani hazipo, ziagizwe bara, na kwa gari ya umri huu huenda hata huko zisipatikane.

Nimemchukia siku nzima. Hana kosa. Nimemchukia tu.

Omari alikuwa na gari hii kabla ya kunioa. Ndiyo maana akaiita Bi Mkubwa, na mimi nikawa mke mdogo. Wingwi nzima wamelicheka jina hilo, wananiuliza njiani kama Bi Mkubwa hajambo. Mimi sijapata kulitamka. Kwangu ni mke mwenza, basi. Na sasa mke mwenza ndiye niliyebaki naye.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimeendesha kama Omari alivyonifundisha nilipoanza kushika usukani. Kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, piga mafuta kidogo, kanyaga tena, tia. Mbili imeingia. Kimya kabisa.

Nikarudia. Imeingia tena. Njia nzima ya kurudi.

Basi meno ya gia ni mazima! Gari ambayo gia zake zimekwisha haifanyi hivi. Kinachoshindwa ni zile pete tu, na pete zilikuwa nzima mpaka Idi. Haziwezi kufa ghafla bila ya sababu. Nini kimebadilika tangu Idi? Nimefikiri huku napalia mihogo. Oili. Hakuna kingine. Shemeji aliniletea galoni kutoka Chake, zawadi ya sikukuu, akasema hii ndiyo ya daraja la juu. Shaame akaitia siku ile ile.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa nimelegeza nati ya chini ya giaboksi, nimechuruza oili kidogo kwenye sahani ya bati. Inanuka mayai viza. Nikaipeleka juani. Ndani mna vumbi la manjano, linametameta. Chuma hakina rangi ile.

Sikujua la kufanya. Nikaenda kupika kahawa.

Nimeshika dele, na hapo hapo nikasimama. Dele langu la shaba lina vishimo chini. Rukia alipokuwa mdogo alililaza kwenye maji ya ndimu usiku kucha ili ling'are kwa Idi. Liling'ara kweli, lakini likaliwa. Vijiko vya stili vilivyolala nalo humo humo havikuwa na alama. Chombo kimoja, maji yale yale, stili ikapona na shaba ikaliwa, kama meno ya gia na pete zake.

Kahawa imechemka ikamwagikia mkaa. Nimeiacha.

Jumamosi, 10 Mei

Konde, duka la vipuri. Huku kwetu kila mtu akitaka oili ya gia anasema neno moja: nipe tisini. Giaboksi, tisini. Difu, zile gia za magurudumu ya nyuma, tisini. Mimi mwenyewe nimesema hivyo miaka yote. Tisini ni uzito wake tu, kumbe, si jina lake.

Nimemwomba mwenye duka anishushie makopo yote ya tisini. Nimeyageuza mgongo, nimevaa miwani, nimekusanya Kiingereza changu cha skuli. Moja lina namba tano: la difu. Jingine lina namba nne: la giaboksi, na limeandikwa wazi kwamba halidhuru shaba. Nimecheka peke yangu mle dukani mpaka mwenye duka akaniuliza kama ni mzima.

"Bi Mize, hiyo nne haina mtu. Wote wanataka tano, wanaona ndiyo kubwa."

Nimechukua nne. Nimelipakata kopo njia nzima kama mtoto wa kuazima.

Jumapili, 11 Mei

Nimegombana na shemeji. Nilikwenda na makopo yote mawili, hili la nne na lile lake lenye namba tano, nikidhani atafurahi. "Kwani tano na nne, kubwa ipi? Miye n'kuletee mke wa ndugu yangu kitu cha chini?" Nikamwambia hii si mitihani ya skuli. Nilisema kwa ukali, mbele ya watu wa barazani. Uso wake ulibadilika. Ile ilikuwa zawadi, na mimi nikaifanya sumu. Lakini ni sumu.

Mnunuzi anakuja Alhamisi vile vile, amesema.

Shaame amemwaga tano, ametia nne. Amefanya huku ananuna, anasema tisini ni tisini. Nimetoka nayo mpaka skuli. Imekwaruza. Nimeegemea usukani nikalia kwa hasira. Shaame akalainika kidogo. Anasema ya zamani bado imejificha kwenye pembe za ndani, niendeshe ipate moto, kisha tumwage mara ya pili.

Jumanne, 13 Mei

Tumemwaga. Hainuki. Tumetia nne mpya.

Mbili imeingia. Bila ya ujanja wa Omari, bila ya kuvizia. Klachi mara moja, mkono mmoja, imeingia! Nimerudi tatu, nimetia mbili. Tatu, mbili. Tatu, mbili. Nimepiga honi mpaka nyumbani kama gari ya harusi, na wanawake kisimani wamepiga vigelegele bila ya kujua cha nini. Shaame anasema pete zimeliwa juu juu tu, utelezi wa tano ndio uliozizuia kushika, kisha ameniomba lile kopo tupu akalisome vizuri.

Jumatano, 14 Mei

Shemeji hakuamini. Anasema njia ya bapa haina shahidi. Ana dume la ng'ombe la kupeleka Konde. "N'shushe kilima cha skuli, miye na dume langu, mvua hii hii. Tutaona."

Tumepandisha dume nyuma, tumelifunga. Shemeji amekaa mbele, mikono miwili kwenye dashibodi, anasoma aya chini kwa chini. Juu ya kilima tope linatiririka. Nimetoa mguu kwenye breki makusudi. Tatu. Kisha mbili. Imeingia kama ufunguo kwenye mlango wa nyumbani, na injini ikatushika sote, pole pole, mpaka chini. Dume hata halikutikisa mkia.

Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda, wallahi nimeshinda.

Shemeji amegeuka kutazama juu ya kilima. Kisha akasema neno moja: "Rudia."

Nikageuza, nikapanda, nikashuka tena. Kwa furaha yangu mwenyewe ningeshuka mpaka maghribi. Safari ya pili alikuwa ameshusha mikono mapajani.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imepungua.

Mnunuzi alikuja jana. Shemeji alimkuta njiani na kumrudisha, hata hapa hakufika.

Leo baada ya sala amekuja mwenyewe, ameuliza ile tano iliyobaki iko wapi. Nikamwambia inatakiwa kwenye difu, huko ndiko kwake. Ameshika faneli, mimi nimemimina. Zawadi yake imepata mahali. Nimemwomba radhi kwa ukali wa Jumapili. Amekaa, amekunywa kahawa ya dele lenye vishimo, akaomba nyingine.

Rukia nimemwambia aweke cherehani yake mle chumbani alimonifagilia.

Kabla ya maghribi nimeosha tope, nimefunika gari turubai. Nimepiga boneti kofi dogo. Nikasema, pumzika, Bi Mkubwa. Jina limenitoka lenyewe.