Bwana Yako Amebusu Kamba

Yaya Béa, dada yangu mkubwa,

Jambo kutoka Lubumbashi, ambako baridi ya mwezi wa sita inauma na bwana yako amekuwa mpiga mbizi. Jumamosi kikundi chake kilinipeleka kuwinda kamba, wale wa maji baridi wenye magando, katika shimo la zamani la mawe lililojaa maji. Aliibuka na kamba mmoja, akambusu ili apigwe picha. Kamba akambana mdomo! Akalia, akatapatapa, mtungi wa hewa ukamvuta chini. Wenzake waliendelea kupiga picha. Nilijitupa na kitenge changu, nikamvuta mpaka ukingoni.

"Mbona ulilia?" nikamuuliza.

"Nani alilia, shemeji? Nilikuwa namukamata ule kamba muzuri."

Leo kanisani amesimulia jinsi alivyoniokoa mimi! Akikupigia simu, mwambie mtoto wa Pweto, aliyekulia ziwani kama mimi na wewe, hazami.

Uwabusu watoto, taratibu.

Mdogo wako, Chantal