Kule, Mnunuzi wa Waragi Asiyekunywa

Mwaka umetimia, Kule, tangu utuache hapa Kasese, na mkeo Loyi bado ana wivu.

Tunalisema wazi kwa sababu wewe mwenyewe ulilijua. Wiki nzima iliyopita tulikaa kupanga majina ya wanaokukumbuka katika tangazo hili, na yeye alishikilia neno moja: "Muandike watu wote, lakini huyo Medius wa Karambi, hapana. Akiingia yeye, mimi munitoe."

Ulikuwa mpole, na mikono yako haikutulia. Shule uliyofundisha ilikupa chumba kidogo cha maabara, ukakigeuza jiko: ulichemsha, ukachuja, ukapata jeli laini, ukaikata punje punje. Ulitueleza kwamba ndani yake mna siklodekstrini, sukari inayotokana na wanga, iliyojikunja kama kikombe kisicho na kitako. Dawa za kuulia wadudu zinazotiririka kutoka mashamba ya mpunga ya Mubuku huingia humo zikanasa, punje zikiwa zimetiwa kwenye nyavu na kuzamishwa mferejini.

Baba yako Yowasi hakuelewa hata robo. Lakini wewe na muuguzi mmoja mlipotia dawa kwenye jeli ya namna hiyo na kuibandika kwenye kidonda cha mguu wake, dawa ilitoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na mzee akaacha kupiga kelele kila asubuhi ya kubadilishwa bandeji. Sasa anatembea mpaka kanisani, na anakutaja njia nzima.

Tatizo lilikuwa kuosha. Punje zikishiba sumu lazima zilowekwe kwenye spiriti ziiachie, ndipo zirudi mferejini. Spiriti ya shule haikutosha, ukaenda Karambi kwa Medius, mjane anayepika waragi, pombe kali ya kienyeji, ukawa unachukua ule mkali unaotangulia kutoka. Wewe, mwimba kwaya usiyegusa pombe, ukaanza kurudi nyumbani unanuka kama baa. Ukamwambia Loyi ni wa kuoshea punje.

"Punje gani hizo zinakunywa waragi?" akakuuliza. "Na mbona zinaenda kunywa kwa mwanamuke?"

Ukacheka. Heri usingecheka, Kule. Kicheko kile kilimkaa rohoni.

Tulikuzika, wivu ukabaki. Msibani Medius alilia kuwapita wafiwa, na Loyi hakumpokea hata mkono. Kisha wakulima wa Mubuku wakaanza kumpelekea Medius nyavu za punje, kwa kuwa ndiye aliyekuona ukiziosha. Hapo Loyi chakula kilimshinda. Mke ni yeye, mbona kazi ya mumewe iko mikononi mwa mwingine?

Jumamosi iliyopita alimfuata hukohuko Karambi, kinywa kimejaa maneno. Binti yenu Gorret aliandamana naye, kwa kuhofia ngumi. Walimkuta Medius anasuuza punje, glavu mikononi, dumu la maji yenye sumu limefungwa kando. Hakushtuka.

"Mama Nobert, kaa kwanza," akasema. "Bwana yako hakukunywaka hapa hata kidogo. Alikuwa anakaa pale, anaosha, anaongea juu yako tu. Loyi anaimba hivi, Loyi anapika sombe hivi, mpaka mimi nachoka. Mimi bwana yangu alikufa bila kunisifu hata siku moja. Mwenye wivu ilikuwa mimi, mama. Nilikuwa nakuonea wewe."

Gorret anasema mama yake alikaa, kisha akaomba glavu. Hawakuwa marafiki, usidhani. Alimkosoa mwenzake namna ya kukamua wavu, na njia nzima ya kurudi alilalamika kwamba jiko la yule mwanamke lina moshi. Lakini alipofika nyumbani alimtaka Gorret arudie yote uliyokuwa ukiyasema huko, neno kwa neno, kisha akayataka tena. Akalia. Tangu utuache tulikuwa hatujamwona akilia bila hasira.

Wanaokukumbuka ni mkeo Loyi. Watoto wako Nobert na Gorret. Baba yako mzee Yowasi. Wenzako wa kwaya na wa shule. Wakulima wa Mubuku. Na Medius wa Karambi, ambaye Loyi ametuamuru tumweke, ila mwisho kabisa, na mbali naye.

Kule, maadamu tunapumua, jina lako halitatutoka midomoni.