Nguruwe Wawili wa Papa Fideli

Alhamisi, Mikelenge

Nimenawa mikono mara tatu, na ile nyama hata sikuigusa.

Asubuhi mbwa wa jirani yetu Papa Fideli walishika nguruwe pori wawili mu shamba yangu. Njo wale walikuwa wanatumalizia mihogo tangu mvua ianze. Kwetu, mwenye shamba njo anasema nyama itaenda wapi. Watu wote wakaniangalia, na shemeji yangu, ule wa musikiti, alikuwa amesimama pale.

Nikapaza sauti: "Fukieni! Haramu haigawanywi mu shamba yangu."

Ningesema tu, "Papa Fideli, beba, ukalishe watoto." Nani angenikatalia? Hata mbwa wake, waliokimbia tangu alfajiri, sikuwaachia matumbo.

"Sawa, Mama Zaina," akajibu, akashika jembe.

Wakati wa vita, tulipokimbilia pori la Pangi, Zaina akiwa mgongoni mwangu hana nguvu hata ya kulia, ni yeye Papa Fideli alituchomea nguruwe. Nilikula nikalamba vidole. Mungu anaijua njaa ile, hapo sina haya. Haya yangu ni ya leo.

Maana Zaina, mama wa watoto sasa, aliniuliza palepale shambani: "Mama, weye nyama hii hujaionja hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Papa Fideli alikuwa ndani ya shimo, hatua mbili tu kutoka kwangu. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchimba.