Maboga Tisa ya Mwavita

Umetimia mwaka mmoja sasa, Mwavita binti Amuri, tangu tulipokuzika hapa Kindu, na mikono yetu bado inakuwekea sahani wakati wa chakula.

Ulikuwa mpole, tena king'ang'anizi. Miaka mitano kwenye kituo cha kilimo ulikata mizizi, majani, maua na matunda ya maboga, tangu mche mpaka kukomaa. Ulivifunga kwenye barafu ya wauza samaki, ukavipeleka mwenyewe uwanja wa ndege ili viwahi maabara ya Kinshasa. Ulitueleza kwa subira kwamba jeni ni zilezile katika mmea mzima, ila zinazofanya kazi kwenye jani huenda zimelala kwenye tunda, na zinazoamka kwenye tunda changa siyo zote za tunda lililoiva. Mumeo Asumani alielewa mara ya nne. Binti yako Riziki alielewa mara ya kwanza.

Mkurugenzi wako hakuelewa hata mara moja. Jina lake hatulitaji, wino ni adimu. Kitambi kilimtangulia kila mahali, akili ikamfuata kwa mbali. Ulikuwa umebakiza hatua moja tu, tunda lililoiva, alipopata habari kwamba mkubwa wa chama anakuja. Akawatoa watu salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, akachuma maboga yako tisa mabichi, lebo zako za utafiti zikiwa bado zinaning'inia, akayapanga kando ya njia kumlaki mgeni. Ulipomwuliza, alicheka.

"Ile njo maboga tu, mama. Itaota tena."

Ulipanda upya kesho yake, homa ikiwa mwilini. Hukuyaona yakiiva. Riziki ndiye aliyeyakata huku akilia, akayafunga kama ulivyomfundisha, yakaenda.

Mwezi uliopita maprofesa wa maabara ya Kinshasa walituletea matokeo yaliyochapwa, na jina lako ndilo la kwanza. Mkurugenzi alifika mbio, suti yake ya abakosi imembana, akaomba tuwaandikie kwamba naye alishiriki. Asumani alimpa kiti, maji hakumpa.

"Tutaandika," akamwambia. "Utasoma."

Tumewaandikia wao, na tunaandika hapa watu wote wasome: maboga tisa ya Mwavita yalichumwa mabichi, na aliyeyachuma ni mkurugenzi wake. Huo ndio mchango wake.

Wanaokukumbuka ni mumeo Asumani, binti yako Riziki, dada yako Sharifa, kaka yako Sumaili na jamaa wote wanaoishi Kasuku na Tunda. Umo mioyoni mwetu, mama, siku zote za maisha yetu.