Baba, Nilichukua Ile Ndogo

Mpendwa Baba,

Leo ni Jumapili na mama amelala mchana, jambo ambalo ulipokuwa hai hukuliona hata siku moja. Wiki nzima tumechuma kahawa, na siku hizi akishatua debe mgongo wake haunyooki tena mpaka auegemeze ukutani. Mimi nimekaa mlangoni. Mabega yananiuma na vidole vimeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Kwa kuwa sijui kusema mambo mengi kwa mdomo, na wewe unanijua, nimeona nikuandikie. Shule nimemaliza, Baba. Darasa la nane limekwisha na mbele hakuna kitu, kwa hiyo kalamu hii haina kazi nyingine.

Nataka nikueleze habari ya randa.

Yule Kalasinga wa Thika uliyemfanyia kazi, ambaye wewe ulimwita Bwana Fundi, amefunga karakana yake. Amehamia Kampala kwa mwanawe. Kabla ya kufunga alituma neno kwetu Ruiru kwamba mtoto wa fundi wake aje achague chombo kimoja kati ya vile ulivyokuwa ukivitumia kuchimbia mifuo kwenye mbao, akichukue bure. Kimoja tu. Mama alisikia, akaendelea kuchambua maharagwe. Alipomaliza ndipo akasema, “Nenda wewe. Wewe ndiye ulikuwa unashika mbao.”

Nilijua alichokuwa akisema. Msumeno wako upo, nyundo ipo, patasi zako mbili zipo chini ya kitanda. Kilichopungua ni hicho cha kuchimbia mifuo, na bila mfuo hakuna rafu inayokaa, hakuna sanduku lenye kitako, hakuna kabati. Nikichagua vizuri, zile kazi zako za Jumamosi zingeweza kurudi nyumbani kidogo kidogo, na mama angeacha debe kabla mgongo haujamwacha yeye. Nikichagua vibaya tungebaki na chuma cha kupamba ukuta. Usiku ule sikulala vizuri.

Nilikuwa nikizikumbuka Jumamosi zako. Ulifika kutoka Thika jasho likiwa limeganda na vumbi la mbao kwenye nyusi, na hata kabla ya kuegemeza baiskeli ulikuwa unaita kwa sauti ya kusikiwa na safu nzima ya nyumba: “Maitu! Mtoto wako amefika, ana njaa!” Watoto wenzangu walicheka, baba mzima kumwita binti yake mama, ingawa kila mmoja wao alijua kwamba binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na kwamba mimi kwako nilikuwa mama yako mwenyewe aliyerudi. Nilijificha nyuma ya mlango. “Maitu ameona haya,” ulisema. “Basi nitalala njaa, si neno, nimezoea mama mkali.” Ndipo nilipoleta uji nikiwa nimeinamisha kichwa.

Unakumbuka siku uliyokuja na ile randa kubwa? Uliiazima karakana, pamoja na sanduku lake lenye visu vya kila upana, ukaniambia kwamba kwa chombo hicho kimoja mtu anaweza kufanya kazi ya randa saba. Ilikuwa kazi ya kabati la Mama Wairimu, jirani yetu mnene. Kwetu hakuna meza ya useremala. Kwetu ubao unawekwa juu ya vigoda viwili na mtu anakaa juu yake ili usitembee, na siku hiyo mwenye kabati alikaa mwenyewe. Ulisukuma randa mara ya kwanza ikaenda vizuri. Mara ya pili kisu kikauma fundo la ubao wa mtarakwa, na kwa kuwa hukuacha kusukuma, ubao, kigoda na Mama Wairimu wote wakaanza safari kuelekea kwa kuku.

“Wee fundi!” alipiga kelele. “Nimekuja kutengenezewa kabati ama kupelekwa Nairobi?”

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ulipangusa macho ukasema, “Hii ni randa ya mtu mwenye meza.” Juma lililofuata ukaja na ile ndogo.

Nilikipenda kile kitu tangu siku hiyo. Kipande cha mti cha upana wa viganja viwili, vishikio viwili kila upande, na katikati kisu kilichopindwa nchani kama unyayo, kinachoshushwa kwa skrubu. Ulikata kwanza kuta za mfuo kwa msumeno, ukatoa nyama ya katikati kwa patasi, na hapo ndipo randa ndogo ilipoingia kufagia sakafu ya mfuo mpaka ikawa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitako cha sanduku, rafu, hata kile kishimo cha bawaba ambacho hakifiki mwisho wa ubao, vyote ulivifanya kwa hicho. Na ulinipa nami nijaribu. “Usiibane,” ulisema. “Fagia kama unafagia nyumba ambayo mtoto amelala.”

Sasa nikurudishe kwenye siku yenyewe. Baba mdogo Kamau ndiye aliyenipeleka, kwa sababu alikuwa na kibali cha kwenda Thika, maana katika hali hii ya hatari mtu mzima hatoki kijijini bila hicho, na mimi nilikaa nyuma ya baiskeli yake. Shingoni alikuwa amejizungushia mpira wa tyubu kuukuu, mrefu, kama mtu anayekwenda kufunga ng’ombe. Tulipokuwa tumeiacha Ruiru kidogo akaanza kuongea bila kugeuka.

“Pale kwa Kalasinga kuna mashini ya umeme. Wewe chukua hiyo tu. Mimi niko na mtu Nairobi ataitaka hata kesho.”

Nilishika kiti kwa mikono miwili, barabara ina mawe.

“Umesikia?”

Niliitikia kwa kichwa, lakini yeye alikuwa mbele na hakuona. Nadhani alichukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Watu wengi hufanya hivyo.

Bwana Fundi ameota mvi nyingi, Baba. Alitupa chai ya maziwa yenye tangawizi, akauliza habari za mama, kisha akaviweka vyombo vitatu juu ya meza yako ile iliyo karibu na dirisha. Alianza na mashini. Aliichomeka ukutani ikalia nikaruka nyuma, na kabla sijarudi mahali pangu ilikuwa imeshachimba mfuo ulionyooka kama uzi, na vumbi limemwagika chini kama unga kutoka kinuni.

“Unaona?” baba mdogo alisema. “Kazi ya siku nzima hiyo!”

Sitakudanganya. Niliitamani. Nilifikiria mabega yangu, nikafikiria kufanya kazi bila kuyatumia. Lakini kijijini kwetu umeme hakuna hata kwa mkubwa wa kijiji. Sisi bado tunagawana mafuta ya taa. Ningekuwa naichomeka wapi, kwenye mgomba?

Bwana Fundi akaona macho yangu yameondoka hapo, akafungua sanduku la visu la ile kubwa. “Hii kubwa mzuri sana,” alisema. “Randa moja, lakini ndani iko randa mingi. Baba yako ilipenda hii.” Nayo ilikuwa nzuri kweli, chuma kinang’aa, kila kisu mahali pake. Niliiinua kidogo, nikasikia uzito. Nikamwona Mama Wairimu anaelekea kwa kuku. Tena nikafikiria bawaba, maana chombo kile kinapenda kukimbia kutoka mwisho hadi mwisho wa ubao, hakijui kusimama katikati.

Nikaweka mkono juu ya ile ndogo.

“Acha hicho,” alisema baba mdogo. “Hicho ni kama kiatu cha mguu mmoja. Weka chini.”

Sikuweka chini. Nilikivuta karibu nami.

“Ni mtoto, Bwana Fundi, hajui. Wewe tutolee tu mashini.” Akaanza kuufungua ule mpira shingoni, anauvuta mkono kwa mkono. Niliutazama unavyoshuka mezani, na nikajua kwamba ukishazungushwa mara ya kwanza kwenye mashini mambo yatakuwa yamekwisha, na mama ataamka kesho abebe debe, na kesho kutwa tena.

Sijui sauti ilitoka wapi. Haikuwa kubwa. Nilisema, “Mwanangu, weka mpira chini.”

Wewe mwenyewe, Baba, ulikuwa ukinichokoza miaka yote nikuite mwanangu na sikuweza. Baba mdogo alisimama mpira ukiwa mkononi. Bwana Fundi akanitazama, akamtazama.

“Yeye nasema nini? Nani mtoto hapa?”

Baba mdogo alikohoa. Akavua kofia, sijui kwa nini. “Bwana Fundi,” alisema polepole, “huyu ni mama yangu.”

“Huyu?”

“Ana jina la mama yangu. Mama yetu, mimi na marehemu. Sasa mama akishasema namna hiyo mbele ya watu…” Hakumaliza. Alinigeukia akijikuna shingo pale mpira ulipokuwa umemchubua. “Lakini Maitu, si ungeniambia njiani? Nimebeba huu mpira wote bure.”

Kalasinga alicheka mpaka ndevu zikatikisika. Aliifunga ile ndogo kwa kitambaa cha kaki, akaongeza jiwe la kunolea. Nilipotaka kulirudisha, kwa sababu alikuwa amesema kimoja tu, akasukuma mkono wangu. “Jiwe si chombo,” alisema. “Jiwe ni chakula ya chombo.”

Tulipokuwa tumepita Juja baba mdogo aligeuza kichwa. Akauliza, “Kwa nini hicho?” Nikamjibu kwamba nyumbani kwetu watu hukaa juu ya mbao. Alikanyaga baiskeli. “Haya,” alisema. Sidhani alielewa.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Tangu hapo nafanya kazi Jumamosi tukishatoka shambani, na siku nyingine jioni kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Nimechoka, Baba. Sikujua uchovu una ndani na nje. Kitu ambacho mashini ile ilifanya tukinywa chai, mimi hukifanya jioni mbili, na katikati napumzika kama mtu mzee. Nilidhani nikishika vile vishikio nitakusikia. Sikusikia kitu. Viganja vyako vilikuwa vipana, vimevila vishikio kwa upana wao, na vyangu vinateleza humo. Imenibidi nivifunge kitambaa.

Rafu ya kwanza nilimtengenezea mama. Sikukaza skrubu vizuri, kisu kikashuka chenyewe wakati nafagia, na mwisho mmoja wa mfuo ukawa na kina zaidi kuliko mwingine. Rafu imeinama. Kikombe ukikiweka upande wa juu kinasogea mpaka kwa wenzake. Nilitaka kuibomoa. Mama aliichukua, akaipangia sufuria, akarudi nyuma kuitazama. “Sufuria haijali,” alisema.

Ya pili ilikuwa ya Mama Wairimu, naye safari hii hakupelekwa kwa kuku. Baba mdogo huja siku nyingine, anavuta kigoda, anakaa juu ya ubao na kuwasha sigara. “Nimekuja kufanya kazi ya uzito,” husema. Hanitajii ile mashini. Lakini mimi naikumbuka. Asubuhi nikimwona mama anavyoshika kiuno kabla ya kuinua debe, najiuliza kama baba mdogo ndiye aliyekuwa na akili siku ile, na mimi nilikuwa na ukaidi tu wa mtu aliyesema mara moja. Pesa za ile mashini zingempumzisha mama msimu mzima. Hii ndogo bado haijampumzisha hata siku moja, ila leo, na leo ni Jumapili.

Wewe ungenisaidia kujua.

Ninachoweza kukuambia ni cha jana. Tulikuwa tumerudi, mimi niko nyuma ya nyumba naosha miguu, maana udongo wa shamba ulikuwa umenifika magotini. Nikasikia mwanamke anapiga hodi upande wa mbele. Sauti siijui, baadaye nilimwona, ni wa safu ya karibu na lango, wamehamishiwa hapa juzi.

“Nimesikia hapa kuna fundi wa kabati,” alisema. “Yuko?”

Baba, unajua tangu ulipozikwa swali hilo limekuja mlangoni mara ngapi. Watu wa mbali hawakuwa wamepata habari. Na kila mara mama alijibu neno moja, alikufa, kisha akaingia ndani, na siku hiyo hatukuongea tena. Niliacha kumwaga maji. Nilishika kata nikangoja lile neno.

“Yuko,” mama alisema. “Anaosha miguu. Kaa hapo kwa kigoda, anakuja.”

Nilikuwa nimebakiza mguu mmoja. Niliuosha polepole, nikaukausha kwa kanga, nikaenda mbele.

Anataka milango miwili, Baba, yenye bawaba nne. Naona mama anaamka, na maji ya chai hayajawekwa. Wewe pumzika huko ulipo, pumzika hata ile sehemu yetu ya mapumziko.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza