Njegere Zilizoliwa na Nguo Zake

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa jikoni, dirisha liko wazi, na kule chini ziwa linang'aa kama bati jipya. Asubuhi hii wadudu wa ziwani walipanda juu ya maji kama moshi, upepo ukawachukua polepole kuelekea visiwani. Mtu akitazama sana anaweza kuamini kwamba miaka haikupita, na kwamba wewe uko uani na sinia ya njegere magotini, ukiimba wimbo usio na maneno.

Hukuzaliwa mpishi. Nilipokuwa darasa la sita ulikuwa bado fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ukirudi jioni na nyuzi nyeupe kwenye nyusi. Kisha likaja soko huria. Maduka yakajaa vitu, viwanda vikauzwa, nawe ukapunguzwa kazini. Mama akaanza kuuza mitumba pale sokoni Mlango Mmoja. Alitoka alfajiri, akarudi jua likizama, sauti imemkauka kwa kuita wateja. Wewe ukabaki nyumbani kwetu juu ya mawe, ukiitazama mikono yako kana kwamba umeiazima kwa mtu.

Siku moja ulirudi na mfuko wa njegere changa zilizokuja na lori la Tarime. Nilichukua bakuli nizibambue.

"Acha, mayu," ukaniambia, ukiniita mama kwa Kisukuma. "Hizi zinaliwa na nguo zake."

Ukanionyesha. Unakata ncha, unauvuta ule uzi wa pembeni mpaka mwisho. Mafuta kidogo, kitunguu kikilainika unazimwaga, chumvi, maji ya kiganja, unafunika. "Ziking'aa, ipua. Ukichelewa zinageuka rangi ya sare ya mgambo." Nilipouliza nani alikufundisha, ulisema uliwahi kuziharibu nikiwa shule, ukazila zote mwenyewe ili kuficha ushahidi.

Jioni zile zinanijia kama ndoto. Mwanga wa rangi ya machungwa juu ya mawe, mvuke ukitoka kwenye sufuria, ugali, dagaa, na zile njegere za kijani zikilia mdomoni. Mama alikuwa akivua viatu mlangoni na kusema tu, "Nasikia harufu ya nyumbani."

Majirani walisema yao. Lakini aliyekuja kusema waziwazi ni kaka yako, Baba Mkubwa, aliyevuka kivuko cha Busisi akaja kutoka kijijini na mkongojo wake. Alikukuta umechuchumaa mbele ya jiko la mkaa.

"Masanja! Umekuwa mwanamke tangu lini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wewe hukuinuka.

"Shikamoo, kaka. Kaa kwanza. Hizi zikizidi kidogo tu zinaharibika."

Ukafunua, ukaipua, ndipo ukaenda kumpokea kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunakula alieleza kilichomleta. Ng'ombe wapo, shamba lipo, urudi kijijini ukaishi kama mwanamume. Mkeo na watoto watakufuata baadaye, wakipenda. Mama alikuwa amekaa mkekani, anamega ugali bila kula. Hakukutazama.

"Nikienda," ukasema, "hawa watakula nini jioni?"

Baba Mkubwa akacheka, akidhani ni mzaha. Akacheka mpaka akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Nauliza kweli, kaka. Mama Kabula anarudi amechoka. Nani atampikia?"

Mama akavuta bakuli la njegere, akalisogeza mbele ya shemeji yake. "Ongeza, shemeji. Zikipoa si tamu." Mzee akaongeza. Halafu akaongeza tena. Habari ya kurudi kijijini haikuzungumzwa tena. Kesho yake tulipomsindikiza stendi alikuvuta pembeni, nami nikamsikia akikunong'oneza: "Ule uzi, ulisema unauvutia upande gani?"

Ulikuja kupata kibarua cha kutengeneza injini za mitumbwi pale Kirumba, ukakifanya mpaka macho yalipochoka. Hata hivyo jiko hukumrudishia Mama. Uliondoka duniani ukiwa bado unamkaripia kila anayechelewa kuipua.

Siku hizi nawapikia wanangu. Wanauliza kwa nini natabasamu mbele ya sufuria, nami nawapakulia. Sina huzuni, Baba. Ni kama kuwa ndani ya mtumbwi uliotulia. Maji yapo chini yako, marefu, lakini yamekubeba.

Juzi nilikaa na Mama kivulini, nikamuuliza kuhusu usiku ule wa Baba Mkubwa. Akasema alikuwa tayari kukuacha uende. Angekufungia nguo zako vizuri, akakusindikiza hadi kivukoni Kigongo.

"Kwa nini hukumwomba abaki?" nikamuuliza.

Alitazama ziwa. Kisha akasema, "Mtu ukimwomba abaki, mguu wake mmoja unakaa nje siku zote. Nilitaka niujue moyo wake. Nikaujua."

Akafumba macho, uso wake ukionekana wa ujana kuliko wangu.

Pumzika, Baba. Huku tunapendana.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Kabula