Komisari Alipolia, Ukumbi wa Parokia

Jumapili, 7 Mei 1961
Shati limepigwa pasi, koo limepata chai ya tangawizi. Saa tisa ukumbi wa parokia ukajaa. Kama kawaida nilisimama kando ya kitambaa cha sinema, nikawa nasema kwa Kiswahili yote wanayosema waigizaji kwa Kifaransa. Filamu ya leo: komisari wa polisi anamsaka mwizi wa benki, kumbe ni mdogo wake. Waigizaji wawili wanaosifiwa Ufaransa nzima. Nilikuwa moto.

Jumatatu, 8 Mei
Uvira imegawanyika. Sokoni wanaisifu. Mwalimu Anselme amebandika karatasi mlangoni pa ukumbi: waigizaji wakubwa, filamu hovyo. Tena anamwomba Padri aninyang'anye kazi, ampe yeye. Wivu mtupu. Kifaransa anacho, sauti hana.

Jumatano, 10 Mei
Nimeisoma tena ile karatasi. Mstari mmoja unauma: waigizaji hawakupewa nafasi ya kunyamaza. Kweli. Pale walipotazamana tu, mimi nilitia maneno na vichekesho. Huku kwetu mtafsiri akinyamaza, watu husema Kifaransa kimemshinda. Kwa hiyo hatunyamazi. Lakini nimewaharibia wale wawili. Naona aibu. Anselme simwambii.

Ijumaa, 12 Mei
Askari wamefunga njia ya Kamanyola, ile ya kwenda Bukavu. Filamu haiwezi kurudi kule ilikotoka. Nimemwomba Padri tuionyeshe tena. Amekubali, ila watu wakilalamika, nafasi ni ya Anselme. Sawa. Najijua.

Jumapili, 14 Mei
Komisari alipomfunga mdogo wake pingu, nikafunga mdomo. Dakika nzima. Wakaanza: "Sema! Weye, sema!" Askari waliosimama mlangoni wakapiga miluzi. Padri akaanza kumtafuta Anselme kwa macho. Sikusema. Ndipo Mama Nyota, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasimama: "Munyamaze! Hamuone iko analia?"
Kimya. Nami nikageuka kutazama uso wa komisari kwenye kitambaa. Mara zote nilizoiona filamu hii, hata kwenye mazoezi, sikuwahi kuona yale machozi.

Jumanne, 16 Mei
Njia imefunguliwa, filamu imekwenda. Kazi bado yangu. Anselme anasema filamu ni hovyo vilevile. Askari wanasema mimi ni mvivu. Waseme.
Asubuhi Mama Nyota alipita kwangu kuuliza komisari alisema nini alipokuwa analia. Nikamwambia hakusema kitu. Akaitikia kwa kichwa, akajitwika beseni lake, akaenda sokoni.